Vichupa Thelathini vya Ravnishte

Mtoto wako msomi akikuomba umsaidie kazi yake, muulize kwanza kazi hiyo ni ya nini na itapelekwa wapi. Muulize hata kama utaonekana mjinga. Mimi sikuuliza. Nilisema najua, na kweli nilikuwa najua, maana hapa kijijini Gorni Chukar hakuna mtu aliyeweza kutoa damu kwenye shingo ya kondoo upesi kama mimi. Miaka kumi na tisa nilikuwa msaidizi wa Dokta Karadzhov kwenye kituo cha mifugo, enzi za mashamba ya ushirika ya serikali. Unambana kondoo kati ya magoti, unamwinua kidevu, unabonyeza mshipa kwa dole gumba, unachoma. Anatoka hapo hajui hata kilichompata.

Kwa Dokta Karadzhov nilijifunza na jambo jingine. Kila baada ya miezi mitatu ilikuja fomu kutoka wilayani: vichupa arobaini vya damu kutoka zizi hili, sitini kutoka zizi lile. Mara nyingi havikutimia. Kondoo wamepanda juu, au wamechinjwa, au hesabu ya kwenye fomu ilikuwa ya kubuni tangu mwanzo. Dokta hakuwa mtu mbaya, watu wanamsifu mpaka leo. Alivitazama vichupa vilivyobaki vitupu, akaniambia, "Dafina, mrudie kondoo huyo huyo. Wilaya inataka arobaini, haitaki maelezo." Tukajaza. Hakufa mtu, hakufungwa mtu, na mwisho wa mwaka tulipewa cheti na boksi la chokoleti. Watu wa maziwa walifanya hivyo, watu wa sufu walifanya hivyo. Sikuwahi kuona kwamba ni uongo. Kwangu ilikuwa ni kumaliza kazi.

Binti yangu Ralitsa ni daktari wa mifugo, lakini si wa kushinda zizini. Ni wa chuoni mjini, anafundisha na kuandika. Wakati huo alikuwa mhadhiri msaidizi, ana miaka thelathini na minne, amepanga chumba kimoja na jiko. Alikuja nyumbani wakati wa kiangazi, tukakaa tunamenya viazi, na uso wake ulikuwa umeshuka. Nikamuuliza kulikoni.

"Mkataba wangu unaisha baada ya miaka mitatu, mama. Nikipanda kuwa mhadhiri mwandamizi, nabaki. Nisipopanda, naondoka."

"Basi panda. Si umeandika? Umeandika mpaka macho yamekuwa mekundu."

"Hawaangalii nimeandika nini. Wanaangalia nimetajwa mara ngapi."

"Umetajwa na nani?"

"Na wenzangu wa dunia nzima. Mtu akiandika makala yake akatumia jambo nililogundua mimi, analiweka jina langu chini pale. Hiyo ni moja. Mashine inahesabu, na kila moja ina alama zake."

"Na wewe una ngapi?"

"Mbili."

"Mbili si haba, mwanangu."

"Moja nimejitaja mwenyewe, mama."

Tulicheka mpaka nikajikata kidole. Akanifunga kitambaa. Akaniambia kwamba kondoo hawana mtu siku hizi. Wanaotajwa ni wale wanaoandika juu ya mbwa na paka, samaki wa kufugwa, na vijidudu vilivyozoea dawa. "Ukiandika juu ya minyoo ya kondoo wa Rodopi, anakusoma mhariri na mama yako."

"Mimi sijakusoma."

"Basi mhariri peke yake."

Ila alikuwa na wazo. Kwenye milima yetu kuna kupe, na kupe wanaleta ugonjwa unaomfanya kondoo akojoe damu. Rali alitaka kujua ni kondoo wangapi wana mdudu huyo kwenye damu, mazizi ya chini na zizi la juu kule Ravnishte kwa bai Manol, 'bai' ikiwa ni heshima tunayompa mwanamume mzee. Mazizi manne, vichupa thelathini kila zizi. Kondoo wangu mwenyewe, ishirini na wawili, aliwaacha nje ya hesabu. "Si vizuri kupima kwa mama yako," alisema. "Watu watasema nimependelea."

Yeye angekuja kuchukua damu mwenyewe mwezi wa kumi, lakini wakamwekea mitihani ya wanafunzi wiki ile ile. Akaniletea sanduku la barafu, vichupa mia moja na ishirini vyenye lebo tayari, akaniambia, "Mama, mashine ya kupimia damu nimeazimwa kwa Ijumaa moja tu. Alhamisi asubuhi sanduku liwe ndani ya basi."

"Nenda kasimamie mitihani," nikamwambia. "Najua."

Mazizi matatu ya chini niliyamaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nipande Ravnishte. Usiku wake theluji ikaanguka, mwezi wa kumi bado haujaisha, ikanifika magotini hapa kijijini, na kule juu Mungu ndiye ajuaye. Barabara ikafungwa. Manol mwenyewe alikwama na kondoo wake mpaka ilipopita sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, siku ambayo mifugo yote huwa imekwisha kushuka. Nami nina vichupa thelathini vitupu mezani, na kila kimoja kimeandikwa Ravnishte.

Nilikaa kitako jioni nzima nikivitazama. Nikamfikiria Rali na chumba chake kimoja. Kisha nikachukua sindano nikaingia bandani kwangu. Ishirini na wawili walitoa damu mara moja, na wanane nikawarudia. Alhamisi sanduku likaingia ndani ya basi.

Jioni akapiga simu. "Ulifika mpaka kwa bai Manol? Nimesikia mlipata theluji."

"Vimejaa vyote, mwanangu."

Hilo ndilo jibu nililompa. Nisome vizuri wewe mama mwenzangu: sikusema nimefika. Nilidhani nimekuwa mwerevu.

Na Manol aliposhuka, aliniuliza dukani mbele ya watu, "Dafina, binti yako hawataki kondoo wangu? Wa wenzangu wote wamechomwa sindano."

"Wako walishachukuliwa damu."

"Lini?"

"Kabla ya theluji. Ulikuwa umelala, na chupa ya rakia kifuani."

Watu wa dukani wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa kunywa na alijijua.

Kondoo wangu mimi nawanyunyizia dawa ya kupe kila baada ya wiki tatu, kwa pampu ya mgongoni, tangu theluji ya mwisho mpaka ya kwanza. Hawana kupe hata wa kuonyesha wageni. Sasa fikiri alichokiona Rali kwenye mashine yake. Mazizi ya chini, nusu ya kondoo wana mdudu. Zizi la juu, Ravnishte, kwenye vichaka vinavyojulikana kwa kupe, ambako Manol hanyunyizii isipokuwa akikumbuka: hata kondoo mmoja. Thelathini wote wazima.

Alinipigia simu analia kwa furaha. "Mama, wale kondoo wa juu wana kinga! Wamekaa na kupe miaka mia mbili, wamejijengea kinga yao wenyewe!"

Mimi nilikuwa nakanda unga wa banitsa, mkate wetu wa jibini. Nilisimama na mikono kwenye unga. Ningeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa analia kwa furaha, na mimi mtoto wangu sikuwa nimemsikia hivyo tangu baba yake afariki. Nikasema, "Hongera, mwanangu."

Makala ikatoka. Na wewe hujui bahati inavyoweza kumgeukia mtu. Wakati ule ule wakubwa wa Ulaya walikuwa wamechoshwa na dawa za mifugo, kila mtu anatafuta mnyama wa asili anayejikinga bila kunyunyiziwa. Kondoo ambaye hakuwa na mtu akapata watu. Mwaka wa kwanza Rali alitajwa mara kumi na tisa. Wa pili, themanini na moja. Kila Jumapili simu ililia na neno la kwanza lilikuwa hesabu.

"Mia na kumi na mbili, mama! Wahispania wametutaja, na Waturuki."

"Wametutaja sisi akina nani?"

"Mimi na wewe! Nimekuandika mwishoni kwenye shukrani. Jina lako limefika mpaka Brazili."

Akapandishwa. Mhadhiri mwandamizi. Alikuja nyumbani na viatu vipya na keki, na wanawake wa kijiji wakanibusu mashavu yote mawili. Mimi niliendelea kula keki. Nilijiambia kwamba damu ni damu, kondoo ni kondoo, na huko Brazili wana mambo yao.

Kisha bwana mifugo wa eneo letu, Hristozov, akaleta vipeperushi. Aliviweka dukani, kanisani, kwenye ofisi ya meya. Karatasi nzuri ya kung'aa, picha ya kondoo mwenye pembe zilizojisokota, na maneno kwamba kondoo wa asili wa mlima mrefu hawana haja ya dawa ya kupe, utafiti umeonyesha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la binti yangu.

Manol alikibandika chake kwenye lango, kando ya karatasi ya kumbukumbu ya mkewe marehemu. "Ona, Dafina! Wangu hao! Wa Ravnishte! Wameandikwa kitabuni!"

"Bai Manol, we nyunyizia tu. Dawa haidhuru."

"Ninyunyizie ya nini? Unataka niwaharibie kinga? Rali wako kasema."

"Rali ni mtoto, anaweza kukosea."

"Loo! Mama gani wewe? Watu mia moja na ngapi duniani wamemwamini, mama yake anamtia kasoro."

Julai ile kondoo wake wakaanza kukojoa mkojo wa rangi ya divai. Nilipanda mwenyewe kwa miguu, mwendo wa saa tatu wa kilima. Walikuwa wamelala kivulini, fizi zimekuwa nyeupe kama karatasi, na kwenye mapaja na ndani ya masikio kupe wamejazana wamevimba. Manol alikuwa anawanywesha mtindi kwa chupa. Alikuwa na kondoo sitini na nane. Walikufa thelathini na mmoja.

"Ni maji," aliniambia. "Kuna mtu kaweka sumu kwenye chemchemi. Maana ugonjwa huu kondoo wangu hawaupati."

Nilishuka nikapanda basi la kwanza. Rali alinifungulia mlango na taulo kichwani. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba bado mkononi. Theluji, vichupa, bandani kwangu, wanane niliowarudia.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia kelele. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akauliza, "Wanane gani?"

"Sikumbuki wanane gani, mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia kuna theluji? Ningeandika mazizi matatu. Vichupa tisini. Ningeandika tisini, mama, basi."

"Lebo zilisema mia na ishirini."

Akanitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Hakuwa amezaliwa wakati ushirika unavuma. Nilijaribu kumweleza habari za fomu na Dokta Karadzhov, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nazidi kuzama.

"Unaweza kunyamaza," nikamwambia. Ndiyo, nililisema hilo, na sitaki kulificha. "Nani atajua? Mimi nitakufa nalo."

"Na bai Manol?"



Wiki ile ile akaandika kwa jarida kuomba makala iondolewe. Mimi nilidhani ni kama kung'oa karatasi kwenye lango: unaitoa, imetoka. Sivyo. Walimjibu baada ya miezi minne, wakitaka maelezo. Wakataka tena. Wenzake wawili walioweka majina yao pamoja naye walikataa kusaini. Mmoja alimpigia simu nikiwa pale nikasikia sauti yake yote: "Ralitsa, una akili wewe? Mia mbili na sita! Watu wanafanya kazi maisha yao yote hawaipati hiyo!"

Mwaka mmoja na miezi miwili. Ndipo makala ikapigwa neno jekundu juu yake kwenye kompyuta: imeondolewa. Chuo nacho kikakaa kikao, kikazitoa alama zote zilizotokana na makala ile, na zilizobaki hazikutosha hata nusu. Hawakumfukuza. Mkataba mpya aliopewa alipopandishwa ulipofika mwisho, wakauacha uishe. Sasa anakagua nyama kwenye machinjio, anaamka saa kumi alfajiri, anagonga mihuri kwenye mapaja ya nguruwe. Anasema hajambo.

Nilidhani angalau jambo limekwisha. Tumelipa, limekwisha. Jumapili moja tunakula, simu yake ikatoa mlio. Akaitazama, akaigeuza chini.

"Nani?"

"Si mtu. Nimetajwa."

"Umetajwa vipi? Si imeondolewa?"

"Hawasomi ile yenyewe, mama. Wanachukua kwa yule aliyechukua kwa mwingine. Neno jekundu liko kwangu, haliko kwao." Akakata mkate. "Imekuwa mia mbili sitini na tatu."

Ilipoondolewa ilikuwa mia mbili na kumi na nne.

Anawaandikia. Kila akitajwa anawaandikia barua, kwa Kiingereza, kwamba tafadhali, ile habari si kweli, damu haikuwa ya Ravnishte. Wengi hawajibu. Mmoja wa Ugiriki alijibu kwa adabu, akasema makala yake imeshachapishwa na haifai kuisumbua kwa mstari mmoja. Mwingine alimshukuru, kisha miezi sita baadaye akamtaja tena.

Nami nikaenda kwa Hristozov. Nilivaa koti la kanisani. Nikamkuta ofisini anakunywa kahawa, vipeperushi vipya vimepangwa dirishani, kondoo yule yule mwenye pembe.

"Hivi viondoe, mwanangu. Si kweli. Mimi ndiye niliyechukua damu. Ilikuwa ya kondoo wangu."

"Mama Dafina, kaa, unahema." Akanivutia kiti. "Najua makala ya Ralitsa imepata matatizo. Pole sana. Lakini sisi hatumtaji tena yeye. Tazama." Akaweka kidole chini ya karatasi, kwenye herufi ndogo. Kweli, jina lilikuwa jingine, la Mhispania. "Huyu ni profesa mkubwa. Ametajwa mara mia nne."

"Na yeye kapata wapi?"

"Ana utafiti wake."

"Kapata kwa Rali! Na Rali kapata kwangu! Na mimi nimekwambia ni uongo!"

Alikuwa mpole. Nisingependa useme alikuwa mtu mbaya. Akasema, "Sasa mama, nikiulizwa na wizara kwa nini nimeviondoa, niwaonyeshe nini? Una andiko?"

"Nina mdomo."

Akatabasamu akanisogezea bakuli la biskuti.

Ndiyo maana naandika. Hili ndilo andiko langu. Nimelipeleka kwenye gazeti la wilaya, wakasema refu mno. Kama limekufikia, msomee mwenzako. Mtoto wako akikupa vichupa thelathini ukapata kumi, mrudishie kumi na ishirini vitupu, akulaumu mpaka achoke.

Manol nilimwambia ana kwa ana, mwezi wa tatu, uani kwake. Alikuwa ameuza shamba la viazi akanunua kondoo wengine arobaini. Alinisikiliza ameegemea reki.

"Kwa hiyo wangu hawakuchomwa."

"Hawakuchomwa, bai Manol. Hata mmoja."

"Lakini uliniambia mwenyewe nilikuwa nimelala."

"Nilikudanganya."

"Wakati ule ulinidanganya, au sasa?" Akacheka, lakini macho yalikuwa yananipima. "Dafina, mimi nakuelewa. Mtoto wako wamemtoa kazini, una uchungu, unataka na kitabu chenyewe kife. Lakini Mhispania hana ugomvi na mtu. Kwa nini aseme uongo?"

"Kondoo wako thelathini na mmoja walikufa!"

"Kwa maji. Nimeizungushia chemchemi seng'enge sasa, hakuna mtu atakayeisogelea."

Siku ya Mtakatifu Georgi, mwezi wa tano, alipandisha kundi jipya kwenda Ravnishte. Malango yote yalikuwa na matawi mabichi, na kijiji kizima kilinukia mwanakondoo wa kuchoma. Nilimngoja barabarani na pampu yangu mgongoni, imejaa dawa mpaka juu, mikanda inanikata mabega.

"Nusu saa tu, bai Manol. Bure. Nitawanyunyizia hapa hapa, hutashika kitu."

"Kanyunyizie mawaridi yako, Dafina!" Akavua kofia. "Msalimie daktari!"

Kondoo wakanipita wakisukumana, kengele zinalia, na vumbi. Wa mwisho alikuwa jike mdogo anayechechemea. Nikamshika, nikambana kati ya magoti kama zamani. Ndani ya sikio tayari walikuwapo, wanne, wadogo kama mbegu za ufuta, bado hawajashiba. Nikamng'oa wa kwanza kwa kucha, wa pili, wa tatu. Wa nne akakatika kichwa kikabaki ndani. Manol akapiga mluzi kule mbele, kondoo akajikurupusha, akanitoka mikononi akakimbilia wenzake.